Ufunguo wa Nyumba ya Muradi

Hapo zamani, siku ya Jumatano, saa tisa kasorobo alasiri, mfanyabiashara Muradi bin Shahdadi, Mbaluchi aliyetokea pwani, aliingia kijiji cha Ilomelo akiwa na punda wanne, mizigo minane na homa moja. Siku hiyo imetajwa vibaya na wengi, kwa hiyo ni vyema irekebishwe kabla hadithi haijapiga hatua.

Wako wasemao kwamba alifika siku ya Alhamisi. Hao wamechanganya siku mbili. Alhamisi ilikuwa siku ya arobaini yake, miaka arobaini na mmoja baadaye, nayo tutaifikia mahali pake. Wako wasemao kwamba ilikuwa Ijumaa. Hao hawakujiuliza jambo jepesi: Ijumaa yake ya kwanza hapo Ilomelo ilimkuta Muradi amekwisha kulala siku mbili juu ya ngozi ya ng'ombe, akiomba maji ya kutawadha kwa sauti isiyotoka. Ukirudi siku mbili nyuma ya Ijumaa unaangukia Jumatano, wala hakuna pengine pa kuangukia. Tena wako wasemao kwamba ilikuwa asubuhi, nao ndio wengi. Lakini Muradi alitua mizigo, akanywa maji kata mbili, akauliza upande wa kibla, ndipo akasali alasiri. Wanawake walikuwa wametoka mtoni safari ya pili, na kivuli cha mtu kilikuwa kimeuzidi urefu wake kwa unyayo mmoja. Asubuhi haina kivuli cha namna hiyo upande ule wa njia.

Aliyeyaona hayo yote ni mrina asali mmoja aitwaye Kafuku, mwenye umri wa miaka ishirini na minne wakati huo, ambaye alikuwa akitembea nyuma ya punda wa mwisho.

Ilomelo ya siku zile ilikuwa nyumba kumi na mbili katikati ya miombo. Watu wake walirina asali. Chumvi waliifuata mwendo wa siku tatu. Masega, wakiisha kuyakamua, waliyatupa jalalani, na walipoambiwa kwamba duniani kuna watu waitakao nta, walicheka mpaka wakashika mbavu. Muradi hakuwa amekusudia kufika hapo. Hakuna mfanyabiashara aliyekusudia kufika hapo. Alikuwa akielekea kwenye makao ya mtemi, penye soko kubwa, nyuma ya msafara wa wenzake waliomtangulia kwa siku moja.

Lakini alikaa. Alikaa, akajenga nyumba ya duka yenye mlango wa mbao nene. Alikaa, akachimba kisima uani, na maji yake hayakupungua hata kiangazi. Alikaa, akawafundisha watu kuchemsha masega, kuyachuja kwa gunia na kuimimina nta kwenye karai mpaka ikatoka safi, ya rangi ya ngano. Chumvi ikawa hatua chache kutoka kila mlango. Nyumba kumi na mbili zikawa thelathini, na thelathini zikawa mia. Alioa hapo hapo mwaka wa sita. Mkewe akatangulia mbele ya haki, na hawakujaliwa mtoto. Naye Kafuku akawa mchujaji wake wa nta kwa miaka thelathini na minane, akiishi na mke wake katika chumba cha uani, kando ya kisima.

Kafuku alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Alipotimiza miaka hamsini na mmoja alijifunza kusoma, pasipo mwalimu, kwa kulinganisha maandishi ya magunia ya chumvi na ya magunia ya sukari. Akaona kwamba vitu hivyo viwili, ijapokuwa ulimi unavitenga, vina herufi mbili za pamoja. Kutoka herufi hizo mbili akaendelea hadi nyingine zote. Muradi alimwona. Hakumsaidia, wala hakumcheka.

Mara moja tu, wakiwa wameinamia sufuria ya nta, Kafuku alimwuliza jambo lililokuwa likimkereketa tangu zamani.

"Bwana Muradi, kwa nini ulikaa?"

"Nilizuiwa," akajibu Muradi.

"Na nani?"

"Koroga, Kafuku. Nta inaungua."

Basi, Jumapili moja Muradi akafariki. Chini ya mto wake ilikutwa barua iliyoandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima, kama zile za kwenye magunia, kwa kuwa mwandishi alijua ni nani atakayeisoma. Kafuku akaisoma mbele ya watu, polepole, neno kwa neno, kidole kikitangulia:

"Siku ya arobaini yangu, saa ile ile niliyofika Ilomelo, Kafuku ampe ufunguo wa nyumba yule aliyenifanya nikae. Saa hiyo ikipita kabla ufunguo haujatolewa, nyumba ni ya mpwa wangu Nurudini."

Hesabu ni rahisi: ukianza na Jumapili, siku ya arobaini huangukia Alhamisi. Nurudini akafika kutoka mjini siku ya Jumanne, kijana mpole wa miaka thelathini na kitu, amevaa koti na saa ya mfukoni yenye mnyororo. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, akala chakula cha kila nyumba iliyomkaribisha, na hakumficha mtu nia yake.

"Sitawadanganya, wazee wangu," alisema. "Nyumba ikiwa yangu, kuna bwana mmoja wa tumbaku nimekwisha kupatana naye. Atazungusha ua, atafukia kisima, na chumba cha uani atakibomoa ili lori lipate kugeuka. Mimi sina chuki na mtu. Ni biashara."

"Na sisi maji tutachota wapi?" akauliza mama mmoja.

"Mtoni, mama, kama zamani."

"Zamani mto ulikuwa na maji, mwanangu."

Nurudini akainamisha kichwa, kwa kuwa alikuwa na adabu. Lakini adabu haikubadili neno lake.

Kwa siku arobaini Kafuku alilala na ufunguo ule kifuani. Ulikuwa wa chuma, mrefu kama kiganja, na ulimwacha alama. Alijua kwamba ukienda kwa Nurudini yeye na mkewe watatoka na sufuria yao na mkeka wao. Alijua pia kwamba ukienda kwa mwingine, atakuwa mpangaji wa huruma ya huyo mwingine. Hata hivyo kilichomkosesha usingizi hasa hakikuwa hicho. Kilikuwa swali lile lile la kwenye sufuria: nani alimzuia?

Alhamisi ikafika. Dua ikasomwa, pilau ikaliwa, watu wakakusanyika uani kuzunguka kisima. Nurudini akatoa saa yake, akaitazama, akakohoa kidogo.

"Wazee wangu, nasikitika. Saa imekwisha kupita. Mjomba alimwandikia mama yangu kwamba alifika Ilomelo asubuhi. Sasa ni saa nane na nusu."

Minong'ono ikapanda. Kafuku akasimama.

"Bwana Nurudini, barua ya mama yako haisemi uongo, ila iliandikwa na mgonjwa. Mjomba wako alilala kwa homa usiku ule. Alipofumbua macho akaona kunapambazuka na akauliza, 'Hapa ni wapi?' Wakamwambia, 'Ilomelo.' Kwake yeye hapo ndipo alipofika. Lakini miguu yake ilifika jana yake, Jumatano, saa tisa kasorobo, kabla ya sala ya alasiri. Na aliisali sala hiyo pale ulipoketi."

"Wewe ulijuaje, mzee?"

"Nilikuwa nyuma yake njiani."

Nurudini akaifungua saa kwenye mnyororo wake. Kisha akaiweka saa juu ya ukingo wa kisima, uso wake ukielekea watu, ili kila mtu aione. "Haya. Saa tisa kasorobo. Zimebaki dakika kumi na tano. Mimi siibi, wala sipendi kuibiwa."

Kafuku akageuza ufunguo mkononi. "Anayejua kwamba alimfanya Muradi akae, na aseme."

Wa kwanza kusimama alikuwa Bi Kalunde, kikongwe aliyejulikana kwa mambo mawili: dawa zake na ulimi wake. Nyumba yake ilikuwa imeegemea upande mmoja, na mjukuu wake alimchotea maji kisimani hapo asubuhi na jioni.

"Mimi sina maneno mengi," akaanza, na watu wakacheka kwa kuwa walimjua. "Chekeni. Mtu huyu alipomaliza sala yake hakuinuka. Mlimzunguka mkimtazama kama mnyama aliyenaswa. Nani alimbeba? Mimi. Nani alimlaza kwake, akamnywesha mizizi asubuhi, mizizi mchana, mizizi jioni, siku saba? Mimi. Bila mimi, Muradi angekuwa na kaburi hapa, si nyumba. Na maiti hakai, jamani. Maiti hulazwa. Ufunguo ni wangu."

"Kweli kabisa!" wakasema wengi.

"Si kweli yote," ikasema sauti kutoka nyuma. Alikuwa Mgalula, aliyefika akichechemea na fimbo, mzee asiye na nyumba tangu wanawe walipohama, akilala leo kwa huyu na kesho kwa yule. Yeye na Bi Kalunde walikuwa watani. "Mtani wangu, siku ya nane ulimwambia nini mgonjwa wako?"

Bi Kalunde akaanza kukunja upindo wa nguo yake.

"Sema, mtani! Au nikusemee? Ulimwambia, 'Umepona, sasa nenda zako, watu wameanza kunisema.' Nilikusikia kwa masikio yangu haya."

"Nilimwambia," akakubali Bi Kalunde. "Mume wangu alikuwa safarini, nami nilikuwa na jina la kulinda. Lakini hakwenda! Na angekuwa amekufa siku ya tatu, siku ya nane ningemwambia nani aende?"

Uwanja ukaangua kicheko. Kafuku akageuza ufunguo mkononi.

"Na kwa nini hakwenda?" akauliza Mgalula, naye akasogea mbele mpaka kando ya kisima. Hapo akasita. Akaiegemea fimbo kwa mikono yote miwili. "Wazee wenzangu, nitasema jambo ambalo sijalisema. Punda wanne wa Muradi walipotea siku ya nne ya ugonjwa wake, adhuhuri, walipokuwa wakinywa maji mtoni. Mlisema ni simba. Mlisema ni majambazi. Si simba. Ni mimi."

Watu wakageuka kumtazama, hata watoto.

"Niliwafukuza hadi ng'ambo ya pori, nikawabadilisha kwa ng'ombe wa mahari. Huyo mke aliyenizalia wale walionikimbia nilimwoa kwa punda wa Muradi. Sasa sikilizeni. Mtu mwenye mizigo minane na hana punda, aende wapi? Akaifungua mizigo pale alipo. Akatandika vitambaa na chumvi chini, akaanza kuuza. Duka hili lilizaliwa siku ile. Huyu alimponya, sikatai. Lakini alimponya ili aende. Bila mimi, Muradi angekwenda. Aliyemfanya akae ni mimi peke yangu."

"Wee Mgalula!" Bi Kalunde akapiga makofi. "Miaka arobaini na mmoja umeiba, leo wizi umekuwa hati ya nyumba? Kesho utataka na shukrani!"

"Shukrani alinipa mwenyewe," akasema Mgalula, na sauti yake ikapungua. "Mwaka wa tatu alinikuta na mbuzi aliyevaa kengele. Ilikuwa kengele ya punda wake. Akaitazama kengele, akanitazama mimi. Nikajua nimekwisha. Kisha akanipimia chumvi niliyoifuata, akaongeza konzi moja juu, akaniambia, 'Karibu tena.' Nimelala na neno hilo tangu siku hiyo. Barua ikiwa haikutaja jina, labda ni kwa sababu alijua jina haliwezi kusomwa mbele za watu."

Nurudini, ambaye alikuwa amekuja kusubiri dakika zipite, akajikuta ameinama mbele kama wengine. "Alijua?" akauliza. "Mjomba alijua, akakuuzia chumvi?"

"Akaongeza konzi," akasema Mgalula.

Kafuku akageuza ufunguo mkononi. Alikumbuka neno "nilizuiwa," na moyo ukamwambia: huyu ndiye. Kisha moyo ule ule ukamwuliza: mwizi apewe nyumba ya aliyemwibia, na watoto wetu wakitazama?

Saa iliyokuwa ukingoni ilikuwa imekula dakika nane.

Wa tatu alikuwa Ntimizi, mzee kuliko wote, mwenye mizinga mingi kuliko wote, na mtu ambaye hakuwahi kuharakishwa na lolote. Alijinyanyua kwa utulivu, akalirekebisha shuka lake, akaitazama saa ya Nurudini kama mtu anavyomtazama mtoto mkorofi.

"Nimesikia dawa, nimesikia wizi," akasema. "Sijasikia ardhi. Aliyepona na asiye na punda bado anaweza kuuza vitu vyake, akabaki na mguu mwepesi, akaenda zake. Na hilo ndilo alilokusudia; aliniambia mwenyewe. Hapa tulipo palikuwa na mti wa marehemu baba yangu, mti wa mizinga minne. Nikaukata kwa shoka langu. Mnajua kwetu maana ya kukata mti wa mizinga ya baba. Mama yangu hakusema nami msimu mzima. Nikamwambia Muradi, 'Jenga.' Siku ile ndipo alipouliza mahali pa kuchimba kisima. Mtu haulizi kisima mahali anapopita. Bila mimi, Muradi angekuwa mpita njia aliyechelewa."

"Ulipewa joho!" mtu akapaza sauti.

"Nilipewa joho jeusi lenye nyuzi za dhahabu, ndiyo, nami nililivaa mpaka likaisha. Joho limekwisha. Ardhi haijaisha." Akasubiri kicheko kipite. "Tena tuna desturi. Kundi la nyuki likiingia mzinga, sisi hatuulizi nyuki wametoka wapi wala nani aliwapa maua. Tunauliza jambo moja: nani aliutundika mzinga? Asali ni yake. Muradi alikuwa kundi. Mimi nilitundika mzinga. Kafuku, wewe ni mrina, unaijua sheria. Lete ufunguo."

Neno hilo likawashika watu. Hata waliomcheka waliona kwamba limekaa vizuri. Lakini Mgalula hakukubali.

"Nyuki hawahami kwao pakiwa pazuri, Mzee Ntimizi. Mzinga wako ungening'inia mtupu mpaka ukaoza, kama mimi nisingewatilia moshi walikokuwa."

"Na nyuki wafu hawaingii mzinga wowote," akadakia Bi Kalunde, "uwe umetundikwa na nani, na moshi uwe umetiwa na nani!"

"Mnamsahau marehemu mkewe," akasema mchekeshaji mmoja. "Aliyemfanya akae ni yeye! Mpelekeeni ufunguo makaburini."

"Alimwoa mwaka wa sita," akasema Kafuku. "Alikuwa amekwisha kukaa."

Hilo likaisha. Yaliyobaki hayakuisha. Watu wakagawanyika uani kama maji yanavyogawanyika kwenye mifereji: hawa dawa, hawa punda, hawa ardhi. Wanawake wengi walikuwa upande wa Bi Kalunde, ila mmoja aliuliza, "Na yeye akiupata, akifa, si nyumba itauzwa na mjukuu?" Warina asali walikuwa upande wa Ntimizi, ila mmoja aliuliza, "Na yeye akiupata, si ataibomoa nyumba apande tena mti wa baba yake?" Ntimizi hakukanusha. Upande wa Mgalula walikuwa wachache, na hao wachache walisema kwa aibu, ila mmoja wao aliuliza, "Je, kuna mwingine hapa ambaye Muradi mwenyewe alijua kwamba alimzuia?"

"Mzee Kafuku," akasema Nurudini, "zimebaki dakika tatu."

Kafuku alitaka kugeuza ufunguo mkononi, na mkono ukakataa. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chao cha uani, ndoo iko chini miguuni pake, akimtazama. Yeye alikuwa mtu pekee aliyewahi kusimuliwa siri ya mumewe.

"Kuna jambo moja zaidi," akasema Kafuku. "Mtanisamehe, si refu.

"Mnakumbuka desturi ya misafara ya zamani. Waliotangulia wakifika njia panda, walikata tawi lenye majani na kulilaza juu ya njia isiyofaa, ili wanaofuata nyuma wasipotee. Jumatano ile nilitoka porini na kilindo cha gome la mti, kimejaa asali, kichwani, nyuki wakinifuata. Nikafika njia panda, mwendo wa saa moja kutoka hapa. Tawi lilikuwa limelala juu ya njia ya Ilomelo. Sikuwaza. Nililiona ni majani tu. Nikaliokota, nikafunika kilindo changu, nikashuka mtoni kunawa. Nilipopanda tena, nikaona punda wanne mbele yangu wakiingia njia ya kwetu. Nikashangaa: mtu huyu anatafuta nini Ilomelo? Nikawafuata nyuma, saa nzima, nikijiuliza. Karibu na nyumba ya kwanza nikatua kilindo, nikalitazama tawi lile. Mwisho wake haukuvunjika. Ulikuwa umekatwa kwa panga, upande mmoja. Ndipo nikaelewa.

"Ningeweza kumkimbilia. Alikuwa hatua hamsini mbele yangu. Ningemwambia, 'Bwana, umepotezwa, rudi.' Sikumwambia. Mwanzo niliona haya. Baadaye nilitaka kuona itakuwaje. Baadaye tena palikuwa na kisima, na nikaogopa kwamba nikisema, ataondoka."

Kisha Bi Kalunde akaanza kucheka, kicheko cha ndani, mpaka machozi yakamtoka. "Kafuku! Kumbe hata mgonjwa wangu ulimleta wewe!"

"Na punda wangu!" akasema Mgalula.

Ntimizi hakucheka. "Ulimfanya aje," akasema. "Barua inasema akae. Aliyeondoa jani njiani hakutundika mzinga."

"Lakini aliona, akanyamaza," akasema Mgalula. "Kunyamaza hatua hamsini nyuma ya mtu, hilo si kumzuia?"

"Barua inasema yeye atoe," akasema Bi Kalunde, akijifuta macho. "Haisemi ajipe. Au inasema, Kafuku? Wewe ndiwe unayejua kusoma."

Kafuku akaitoa barua mfukoni, akaifungua tena, kidole kikatangulia. Ilikuwa imesema ampe. Haikuwa imesema asijipe. Akajiuliza kama Muradi, aliyeijua kengele akanyamaza, aliwahi kuujua ule mwisho wa tawi uliokatwa kwa panga. Na kama alimwandikia herufi za magunia ili amwelekeze, au ili amjaribu, au kwa sababu tu hakukuwa na msomaji mwingine. Hakuna herufi iliyomjibu.

"Dakika moja, mzee wangu," akasema Nurudini. Na ajabu ni kwamba sauti yake haikuwa ya mtu anayeitaka dakika hiyo iishe.

Kafuku akafumbua mkono. Ufunguo ukalala kiganjani, juu ya alama yake mwenyewe. Mbele yake walisimama watatu: aliyempa Muradi uhai kisha akamfukuza, aliyemwibia kisha akasamehewa bila kuombwa, na aliyempa ardhi ya baba yake akapokea joho. Nyuma ya mkono alisimama wa nne, aliyempoteza njia na kumwacha apotee. Na kisima kikingojea, na saa ikitembea juu ya ukingo wake.

Wako wasemao kwamba alichelewa. Hao nao wamekosea, kama wale wa Ijumaa na wale wa asubuhi: ufunguo ulitoka kiganjani mwa Kafuku kabla ya saa tisa kasorobo, na Nurudini mwenyewe alilishuhudia hilo mpaka mwisho wa maisha yake. Ila ulikwenda kwa nani, kila nyumba ya Ilomelo hutaja jina tofauti na la jirani.

Basi wewe uliyekaa ukasikiliza mpaka hapa, nyosha kiganja chako, ufunguo huu hapa, imebaki dakika moja: ungempa nani, na wale uliowanyima ungewaambia nini?